Fadhila ya Punda

Wahenga walisema kwamba fadhila ya punda ni mateke. Methali hii nimeisikia tangu utotoni, nyumbani, madrasani na shuleni, na kila mara ilitolewa kama hukumu isiyokatiwa rufani. Wahenga ninawaheshimu, wala sikukusudia kuwavunjia heshima katika kurasa hizi chache. Hata hivyo, liko swali moja ambalo methali hii hailiulizi: huyo punda alifadhiliwa kitu gani hata tukamtazamia ashukuru? Jibu nadhani limo katika methali nyingine ya wahenga wale wale, isemayo: punda afe, mzigo wa bwana ufike. Ziweke methali hizo mbili pamoja, ndugu msomaji, nawe utaona kwamba ya pili ndiyo inayoieleza ya kwanza.

Mimi ni mzaliwa wa Lamu, mji ambao vichochoro vyake ni vyembamba kiasi kwamba watu wawili wakikutana na punda mmoja mwenye shogi zilizojaa mchanga, mmoja wao hana budi kujibanza ukutani. Utotoni mwangu punda ndiye aliyekuwa lori letu na teksi yetu. Aliyejenga nyumba alibebewa mawe na chokaa na punda, na mzee aliyetaka kwenda Shela naye alipanda punda. Farasi tulimwona vitabuni tu. Baadaye nilikuja kuelewa sababu. Mbung'o, pamoja na yale maradhi ya farasi ya Afrika yanayoenezwa na visubi, vilimzuia farasi kuenea katika sehemu nyingi za nchi zetu, ilhali punda huyastahimili maradhi hayo kwa kiasi kikubwa. Tena punda ni mwenyeji wetu. Mwaka 2022 wanasayansi waliolinganisha chembe za urithi za punda wa pande nyingi za dunia walionyesha kwamba mnyama huyu alifugwa kwanza upande wa mashariki wa Afrika, yapata miaka 7,000 iliyopita. Kwa hiyo mtu anayemdharau punda anamdharau mzee wa nyumba.

Ami yangu alikuwa fundi wa kufundisha punda. Watu walimletea wanyama wachanga ambao hawajapata kuguswa, naye aliwarudisha baada ya miezi miwili au mitatu wakiwa tayari kupandwa na kubebeshwa. Hakuwa na siri yoyote. Sisi watoto tulikaa juu ya ukuta tukimtazama, na aghalabu tulichoka kabla yake, maana siku za mwanzo hakufanya lolote la kuonekana. Aliingia zizini, akaketi juu ya debe lililopinduliwa, akashona tandiko lake. Punda alisimama pembeni akimkodolea macho. Siku ya pili, au ya tatu, punda mwenyewe alisogea kuja kumnusa.

"Macho ya punda yako ubavuni," alikuwa akituambia. "Anaona karibu pande zote, ila nyuma ya mkia wake, na hapa mbele ya paji la uso. Ukimjia kutoka nyuma, kwake wewe ni fisi. Ukimrukia usoni, vile vile. Basi mjie begani, aone unakuja, na mkono wako wa kwanza umkune hapa." Akamkuna pale shingo inapokutana na mgongo, mahali ambapo punda hukunana wao kwa wao kwa meno. Mdomo wa chini wa mnyama ukalegea, nasi tukacheka.

Baada ya kuzoeana ilifuata hatamu ya kamba laini, na hapo ndipo somo lenyewe lilipoanza. Ami aliivuta kamba kwa nguvu ndogo mno, kama mtu anayevuta pazia, kisha akangoja. Hakuongeza nguvu, wala hakuachia. Punda alipopiga hatua moja mbele, hata iwe nusu hatua, papo hapo kamba ililegea. Huo ndio uliokuwa ujira wake. Mnyama hafundishwi na kule kuvutwa, hufundishwa na kule kuachiwa, na ukichelewa hata kwa kitambo kidogo atakuwa ameshafanya jambo jingine, naye atadhani ndilo ulilomsifia. Kwa njia hiyo hiyo alimfundisha kugeuka, kurudi nyuma na kusimama. Kila jambo lilikuwa na neno lake moja tu, nalo halikubadilishwa.

Kisha likaja gunia tupu. Punda alilinusa, akapanguswa nalo shingoni, mgongoni na mapajani, hata likawa kwake ni kitu cha kawaida kama upepo. Likawekwa mgongoni. Likatiwa mchanga wa vibaba viwili, vitatu. Mtu wa kumpanda alikuwa wa mwisho kabisa, na huyo alianza kwa kumlalia mgongoni kwa tumbo, miguu yake ikiwa karibu na ardhi, akashuka kabla punda hajapata wasiwasi. Mnyama ambaye hajatimiza miaka mitatu ami hakukubali apandwe kamwe, na mzigo wa kazi ya kweli aliungojea mpaka mwaka wa nne, kwa kuwa mifupa ya uti wa mgongo huchelewa kukomaa. Wenye punda walilalamika. Aliwajibu kwamba punda anayetunzwa anaweza kuishi miaka 30 na zaidi, na kwamba mtu asiyeweza kungoja mwaka mmoja atapoteza kumi.

Ami hakusoma vitabu vya kigeni, na hakupata kusikia habari za Xenophon, yule askari wa Ugiriki aliyeandika kitabu kizima juu ya farasi katika karne ya nne kabla ya Kristo. Mimi nilipokisoma, nikiwa mtu mzima, nilishangaa kukuta humo maneno ambayo ningeweza kuapa kwamba niliyasikia kizimbani Lamu: kwamba farasi asiendewe kwa hasira, kwamba akiogopa kitu asipigwe bali apewe nafasi ya kukitazama, na kwamba jambo analolazimishwa halifanyi kwa kuelewa. Karne nyingi baadaye, huko Marekani, Tom Dorrance, aliyezaliwa mwaka 1910 na kufariki mwaka 2003, alikuja kuwafundisha wachunga ng'ombe somo lile lile, katika nchi ambayo desturi ilikuwa kumvunja farasi nguvu kwa siku chache za kamba na rungu. Watu hawa hawakujuana. Nadhani kila mmoja alifundishwa na mwalimu yule yule, yaani mnyama mwenyewe.

Kazi ya ualimu ilinichukua bara, nami nilipostaafu nilibaki Naivasha. Huku punda habebi kwa shogi, anavuta mkokoteni. Huuza maji, hubeba nyasi, kuni, viazi na simiti. Nilichokikuta kilinihuzunisha. Punda wengi walifungwa nira ya ng'ombe, ingawa ng'ombe husukuma kwa bega na nundu, ilhali punda huvuta kwa kifua, hana budi kuvishwa mkanda mpana wa kifuani. Nira humchuna shingo mpaka nyama ikaonekana. Na mafunzo ya vijana wetu yalikuwa ya siku tatu: punda mchanga alifungwa kwenye mkokoteni uliojaa, mmoja akamvuta masikio, wawili wakampiga kutoka nyuma mpaka akaenda. "Amejua kazi," walisema.

Mimi nasema kwamba alichokijua ni kitu kimoja tu, kwamba nyuma yake kuna jambo la kutisha ambalo hawezi kulikimbia. Kwa kawaida farasi akiogopa hukimbia, lakini punda aghalabu husimama. Huganda pale alipo, masikio mbele, akipima hatari. Sisi tukakiita kitendo hicho ukaidi, tukamtukana na hata kuwatukania watu wengine jina lake. Fimbo inapomwangukia katika hali hiyo, hofu moja inakuwa mbili. Mara nyingi huvumilia, kwa maana punda huficha maumivu yake kuliko wanyama wengi. Ikifika siku asipoweza tena kuvumilia, ndipo hukimbia kweli, na mkokoteni nyuma yake. Katika mtaa wetu punda wa namna hiyo alishtuliwa na honi ya lori, akatimka na mitungi yake, na gurudumu likampanda mguu mtoto wa kike aliyekuwa akitoka kisimani. Mtoto yule anachechemea hata leo.

Sasa niseme habari ya mama mmoja jirani yangu, mjane, ambaye riziki yake yote ilikuwa kuuza maji kwa punda wawili. Katika miaka ile biashara ya ngozi za punda ilikuwa imeshika kasi. Kuanzia mwaka 2016 machinjio ya punda yalifanya kazi nchini Kenya, ngozi zikapelekwa Uchina kutengenezewa dawa ya asili iitwayo ejiao. Bei ya punda ikapanda, wezi nao wakaamka. Hesabu ya watu na mifugo ya mwaka 2009 ilikuta punda karibu milioni 1.8 nchini, na ile ya mwaka 2019 ilikuta karibu milioni 1.2. Nyuma ya tarakimu hizo wamo punda wawili wa jirani yangu, waliotolewa zizini usiku mmoja wa mwaka 2018. Serikali ilipiga biashara hiyo marufuku mapema mwaka 2020, mahakama ikaitengua marufuku hiyo mwaka 2021, na mnamo Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika walikubaliana kuikomesha barani kote. Lakini yeye alilazimika kula mwaka ule ule wa 2018, wala hakuwa na mahali pa kusubiri maazimio.

Akakopa katika chama chake cha akina mama, akanunua dume mmoja wa miaka minne, ambaye hajapata kufungwa kamba. Alikuja kwangu jioni, akiwa na mwanawe wa miaka 17.

"Mwalimu," alisema, "nasikia nyinyi watu wa Lamu mnajua punda. Nataka huyu aanze kazi. Malipo ya kwanza ya deni ni baada ya wiki tatu."

Nikamwambia kwamba kwa njia niliyoijua mimi wiki tatu hazitoshi. Itakuwa tano, pengine sita. Alinyamaza kwa muda. Mwanawe ndiye aliyejibu. "Mwalimu, huyu ni punda, si mtoto wa shule. Marafiki zangu watamweka sawa kufikia Jumapili."

Nakiri kwamba neno la kijana yule lilikuwa na uzito. Ni rahisi mtu mwenye pensheni kusifu upole. Anayedaiwa ana saa nyingine ukutani kwake. Nimesoma vitabu vingi vya watu wa Ulaya na Marekani juu ya kumfundisha farasi kwa upole, na ndani yake sikuona ukurasa hata mmoja unaomwambia mjane afanye nini wakati punda anajifunza na watoto wanataka unga. Kama upole ni wa wenye nafasi tu, basi haufai kuitwa njia, uitwe starehe.

Mama yule alinitazama, kisha akamtazama mwanawe, akasema, "Mtoto wa kisimani alivunjwa na punda wa siku tatu." Siku iliyofuata alikwenda kwenye chama chake akaomba waahirishe malipo ya kwanza. Walimkubalia nusu, na nusu nyingine aliipata kwa kuuza mbuzi na kufua nguo za watu. Hiyo ndiyo iliyokuwa gharama ya upole, na aliyeilipa ni yeye, si mimi.

Tulianza kama alivyoanza ami. Kijana aliketi juu ya debe siku mbili, amenuna. Siku ya tatu punda alikuja kumnusa shingo, naye akaruka kama aliyemwagiwa maji ya moto, kisha akacheka, na tangu hapo kazi ikawa yake. Kwa hatamu alijifunza haraka kuliko nilivyotarajia. Tatizo lake lilikuwa kuachia kamba kwa wakati, maana vijana hupenda kuvuta. Katika wiki ya pili tulitumia kamba mbili ndefu kama vigwe, zikipita ubavuni, yeye akitembea nyuma kwa upande ambako mnyama angeweza kumwona, wakapita njia zote za mtaa bila mkokoteni wowote. Watu walitucheka sana. Walituuliza tunamtembeza punda au yeye ndiye anayetutembeza.

Wiki ya tatu tulileta tairi kuukuu. Kitu kinachoburutwa nyuma ndicho humtia mnyama kiwewe, kwa sababu sauti yake haimwachi hata akienda mbio. Kwa hiyo tairi halikuanzia nyuma. Mimi nililiburuta mbele, punda akalifuata, maana kitu kinachokukimbia hakitishi. Kisha nikaliburuta ubavuni, upande huu na upande ule. Mwisho nikalipeleka nyuma, kamba ikiwa mkononi mwangu, bila kufungwa kwake, ili niweze kuiachia wakati wowote. Alipozoea ndipo tulipoifunga kwenye mkanda wa kifuani, kwa fundo linalofunguka kwa mvuto mmoja.

Siku hiyo lori la mchanga lilipita likapiga honi. Punda akaganda. Mama mtu alikuwa amesimama mlangoni, na beseni la nguo za watu kichwani. Kijana aliinua mkono. Nilijua ulikuwa unakwenda wapi, kwa kuwa ndivyo alivyoona mikono yote ya mtaa ikienda. Mkono ulibaki hewani kitambo, kisha ukashuka polepole mpaka begani mwa punda, ukaanza kukuna. Sikusema neno. Tulisimama pale dakika nne au tano, jua likituchoma, watu wakipita. Halafu sikio moja likageuka. Punda akashusha kichwa, akatafuna pasipo na kitu mdomoni, akavuta pumzi ndefu, akaenda. Kijana akaenda naye. Tangu siku hiyo sikuhitaji kumwelekeza tena jambo hilo.

Mkokoteni ulikuja wiki ya tano, nao mtupu, katika uwanja tambarare, tukiwa watu wawili. Tuliuongeza mkanda wa kupita nyuma ya mapaja, ambao mikokoteni mingi huku haina, nao ndio unaozuia gari lisimgonge mnyama miguu wakati wa kuteremka mlima. Mizigo tuliipanga juu ya ekseli, isilemee mbele ikamkandamiza mgongo, wala nyuma ikamwinua. Ilianza mitungi miwili, kisha minne, na mwisho kumi. Katikati ya wiki ya sita mama yule aliuza maji yake ya kwanza.

Niliwahi kukaa naye tukapiga hesabu, si ya huruma bali ya shilingi. Wenzake waliotumia njia ya siku tatu walianza kupata fedha mwezi mzima kabla yake. Lakini punda mwenye kidonda cha shingo hulazwa wiki mbili, na hurudia. Anayepigwa huhitaji watu wawili, mmoja wa kumvuta na mmoja wa kumchapa, na wote hula. Anayekimbia huvunja mkokoteni. Punda wa jirani yangu aliendeshwa na kijana mmoja, kwa sauti, na katika mwaka wake wa kwanza hakulala hata siku moja kwa kidonda. Kabla ya mwaka kwisha alikuwa amewafikia wenzake, kisha akawapita. Tajiri anaweza kuharibu farasi akanunua mwingine. Maskini ana punda mmoja, kwa hiyo ni yeye hasa asiyeweza kumudu ukatili. Kinachomkosesha upole ni zile wiki sita za mwanzo, na hizo ndizo ambazo vyama, majirani na mashirika yangefanya vyema kumsaidia kuzivuka. Kwetu Lamu, tangu mwaka 1987, iko zahanati ya punda inayotibu bila malipo. Ni jambo jema sana. Jema zaidi ni kidonda kisichotokea.

Kenya ina sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, na kumpiga punda kikatili au kumbebesha kupita kiasi ni kosa. Shuleni nako viboko vilipigwa marufuku mwaka 2001. Mimi niliyefundisha kabla na baada ya mwaka huo ninajua kwamba sheria huushika mkono uliokwisha kuinuka, ila haiufundishi mkono huo ufanye nini badala yake. Hilo hujifunzwa kwa kuona mtu mwingine akilifanya, mbele ya macho yako, siku ambayo ana haraka na jua linamchoma.

Kijana yule sasa ni mtu mzima, ana mkokoteni wake mwenyewe, na wenye punda wachanga humletea. Hutoza ada, na hukataa wa chini ya miaka mitatu. Nimemsikia akimwambia mteja mmoja aliyetaka punda wake kufikia Jumapili kwamba Jumapili ziko nyingi. Basi nawe, ndugu msomaji, ukimwona punda amesimama katikati ya barabara na gari lako nyuma yake, zima honi. Mpe dakika nne. Yumo kazini, anafikiri.